Lengai ulipolipuka 2007 sisi tulikimbia majivu, nyumbu wao wanayafuata kila mwaka

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Juzi jamaa mmoja alinitumia picha ya zamani ya Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kaskazini mwa Tanzania, ukitapika wingu la majivu, chini yake kaandika: "Huu mlima kazi yake kuua malisho tu." Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona heri nilete hapa jukwaani ili wenye kunisahihisha wanisahihishe. Nitashusha vipande vipande, naandikia simu.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Mwaka 2007 nilikuwa mpagazi pale Engare Sero, kijiji kilicho kati ya Lengai na Ziwa Natron. Tulibeba maji na mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Mnaondoka karibu saa sita usiku ili jua lisiwakute njiani, maana ule mlima umechongoka kama paa la msonge na hauna kivuli hata cha kuku.

Mwezi wa saba ardhi ikaanza kucheza. Si mara moja, ni siku baada ya siku. Sufuria zinagongana rafuni, mbuzi wanalia usiku, mbwa hawaingii ndani. Tetemeko la tarehe 17 Julai lilifika ukubwa wa 5.9 na lilisikika mpaka Nairobi, watu wakatoka mbio kwenye maghorofa. Baadaye wataalamu walieleza kwamba zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilikuwa inajipenyeza ardhini chini ya Gelai, mlima jirani, kama kabari inayopasua gogo. Sisi wakati huo hatukujua hilo. Tulichojua ni kwamba wazee walikuwa wanautazama Lengai kuliko kawaida.

Tarehe 4 Septemba ukalipuka. Safu ya majivu ilipanda juu, ikafika mahali ikalala na upepo kama moshi wa jiko lililofunikwa. Milipuko iliendelea kuja na kuondoka mpaka mwaka 2008.

Majivu ya Lengai si kama ya kuni. Ukiyasugua kati ya vidole yanakwaruza kama msasa. Niliyalamba (ujana), yana ukali uleule wa magadi, ulimi ukakauka pale pale. Yalishuka kwenye nyasi, kwenye mabati, kwenye madimbwi, kwenye kope za ng'ombe. Nakumbuka ndama mmoja alivuta fungu la nyasi, akapiga chafya, akaliachia, akajaribu la pili, akaliachia tena. Akasimama tu pale na mdomo wa kijivu. Wazee hawakusubiri zaidi ya hapo, mifugo ikahamishwa.

Kwa hiyo mpaka hapa yule jamaa wa picha yuko sahihi. Majivu yanaua malisho. Ila yeye ameishia ukurasa wa kwanza.

Naendelea jioni.

---

Jongoo Barabarani

Siti ya mbele kabisa. Mkuu usije ukatuachia uzi njiani kama wale wengine.

---

Fundi Saa

Nafuatilia. Swali la haraka: ni kweli zaha ya huo mlima haina moto kama za volkano nyingine? Nilisikia mtu anasema unaweza kuchota na kijiko.

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Fundi Saa, kijiko ndiyo, kidole hapana. Zaha ya Hawaii inatoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 1,100 na zaidi. Ya Lengai ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Mchana hata haing'ai. Inaonekana kama oili chafu ya injini inateleza, na inakwenda kasi kwa sababu ni nyepesi mno. Usiku ndiyo unaona wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika.

Sababu ni kwamba zaha hiyo haijatengenezwa na silika (madini ya mchanga) kama nyingine. Ni kaboneti ya sodiamu na kalsiamu, yaani kwa lugha ya jikoni ni magadi yaliyoyeyuka. Katika volkano zote zilizo hai duniani leo, ni Lengai peke yake unaotoa kitu hiki. Jambo hilo lilithibitishwa na wanajiolojia waliofika kwenye kreta mwaka 1960. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiona mlima una weupe kileleni na wengine wakidhani labda ni theluji.

Weupe wenyewe ni huu: zaha ikitoka ni nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa inabadilika ndani ya saa chache, inakuwa kahawia, kisha nyeupe kama chokaa. Nimekanyaga zaha ya wiki moja, inavunjika chini ya buti kama maganda ya mayai.

Kabla ya 2007 kule juu palikuwa kama uwanja. Kreta ya kaskazini ilikuwa imejaa zaha mpaka ukingoni, na tangu 1998 ilikuwa inamwagikia pembeni. Katikati kulikuwa na vichuguu virefu vyeusi, vingine vimemzidi mtu mara mbili tatu, vinatema na kukoroma. Wageni walikuwa wanapiga kambi humo humo! Mlipuko ule ulifuta yote. Niliporudi kileleni miaka miwili baadaye nilikuta shimo, kuta zake zimesimama wima, chini kabisa kitu cheusi kinachemka. Nilitafuta kwa macho mahali tulipokuwa tunapika chai, nikakuta ni hewa tupu.

Na kwa nini mlima mpole hivyo unalipuka? Kwa kawaida unatiririsha taratibu. Lakini chini yake kuna pia zaha ya kawaida yenye silika, na hiyo ikipanda ikachanganyika na ile ya magadi, gesi ya kaboni inafumuka kwa nguvu, kama ukitia limau kwenye magadi. Ndiyo maana majivu ya 2007 yalikuwa mchanganyiko wa vyote viwili. Milipuko mikubwa ya karne iliyopita inajulikana: 1917, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967. Mzee wa miaka themanini kule ameshauona ukifoka zaidi ya mara moja.

---

Dada wa Korido

Hapo kwenye limau na magadi nimeelewa kuliko miaka minne ya jiografia 😂

---

Olpurkel

Mleta uzi, nakusalimu. Mimi ni mwenyeji wa huko, nikuongezee kidogo. Jina lenyewe ni Mlima wa Mungu, na kwetu si mlima wa laana hata siku moja. Kina yeyo (akina mama) wasiopata watoto wanakwenda pale kuomba. Ukifoka, wazee hawasemi "umeharibu", wanasema Engai (Mungu) amesema neno, kisha wanahamisha ng'ombe. Hivyo vitu viwili vinakwenda pamoja, kuomba na kuhama.

Halafu kitu ambacho wa mjini hawakijui: majivu yakishanyeshewa mvua mbili tatu, ng'ombe wanarudi wenyewe kwenye nyasi zile. Wanazipenda. Unaweza kumpiga fimbo asitoke.

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Olpurkel, asante sana mkuu. Hapo hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Sasa tuhame kutoka mlimani twende magharibi, kilomita kama 100, mpaka tambarare za Ndutu na kusini mwa Serengeti. Mwaka 2007 nilikuwa sijawahi kufika huko. Nilikuja kupata leseni ya udereva, nikaanza kupeleka wageni, na siku ya kwanza ninafika Naabi, lango la kuingilia Serengeti, mwezi wa pili nikazima gari. Nyasi fupi kama zulia mpaka upeo wa macho, hakuna mti, na juu ya zulia lile nyumbu. Sijui nielezeje. Kama mtu amemwaga gunia la mtama mweusi kwenye mkeka.

Nikamuuliza dereva mwenzangu aliyenitangulia kazini: kwa nini hapa hakuna miti? Hakujibu. Alishuka pembeni ya korongo moja lililokatwa na maji ya mvua, akaniita. Ukuta wa korongo ulikuwa unaonyesha ardhi kama keki iliyokatwa. Juu udongo wa kijivu, laini, kina chake kama mkono kutoka kiwiko mpaka kidoleni. Chini yake bamba jeupe. Akanipa spana, akasema gonga. Likalia "ko!", spana ikaniruka mkononi. Ni gumu kama sakafu ya saruji.

Lile bamba ni majivu. Majivu ya magadi na kalsiamu yaliyoshuka miaka elfu nyingi, mvua ikayayeyusha, ikayateremsha chini kidogo, jua likayakausha, yakashikana. Mizizi ya mti ikifika pale inagonga mwamba, mti unakufa ungali mche. Nyasi hazihitaji kina, zinatosheka na udongo wa juu. Kwa hiyo tambarare ile yote ni sakafu iliyopigwa na volkano.

Na yale majabali yanayojitokeza katikati ya tambarare, simba wanapolala juu? Ni vichwa vya vilima vya itale, mawe ya zaidi ya miaka bilioni 2, ambavyo mwili wake umefukiwa. Unachokiona ni utosi tu. Juu yake ndipo unapokuta miti, kwa sababu kwenye nyufa zake hakuna sakafu.

Majivu yenyewe yalifikaje? Upepo. Sehemu kubwa ya mwaka upepo kule unavuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Punje nzito zilianguka karibu na mlima, nyepesi zikasafiri. Ndiyo maana ukitoka Ngorongoro kwenda Seronera nyasi zinaanza fupi, zinakuwa za magoti, zinafika kiunoni, kisha miti inaanza. Unatembea juu ya ramani ya upepo wa zamani.

---

Msomi wa Jioni

Uzi mzuri, ila nina mambo mawili.

La kwanza, usiupe Lengai sifa zote. Jirani yake wa kusini, Kerimasi, ambao umekwisha kufa, ulikuwa unatoa majivu ya aina hiyohiyo kabla ya Lengai kushika zamu. Sehemu kubwa ya lile bamba jeupe ni kazi ya wote wawili, na chini yake kuna tabaka kongwe zaidi kutoka volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Ukisoma kuta za Bonde la Oldupai utaona ni kama daftari, kila ukurasa mlima wake.

La pili, suala la nyasi fupi na ndefu si majivu peke yake. Kusini mashariki iko nyuma ya nyanda za juu za Ngorongoro, mawingu yanamaliza mvua upande wa pili. Inapata milimita kama 500 kwa mwaka, wakati kaskazini magharibi inazidi 1,000. Hata bila majivu pasingekuwa msitu pale.

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Msomi, nimekubali yote mawili. La Kerimasi nililijua nikaliruka kwa uvivu. La mvua sikulipa uzito wake. Ila na wewe ukubali hili: mvua kidogo peke yake ingetupa vichaka vya miiba kama maeneo mengine makavu ya nchi hii. Upara ule wa Serengeti unataka sakafu.

Twende kwa nyumbu. Hapa ndipo nataka yule jamaa wa picha asome mara mbili.

Nyumbu wako milioni 1.3 hivi. Wanazunguka mwaka mzima, mpaka Mara kule Kenya na kurudi. Kwenye mzunguko wote huo wana mito, wana misitu, wana nyasi ndefu za kutosha. Lakini kuzaa wanarudi kwenye tambarare hii hii ya majivu, Januari mpaka Machi, na ndama wengi, karibu asilimia 80, wanadondoka ndani ya wiki mbili tatu tu za mwezi wa pili. Mahali penyewe hapana mto wa kudumu. Maziwa yaliyopo, Ndutu na Masek, ni ya magadi. Mvua ikikatika mwezi wa tano wanaondoka kwa sababu maji yamekwisha. Sasa jiulize, mnyama mwenye akili timamu anaacha mto Mara anakuja kuzalia hapa kwa nini?

Watafiti waliochukua nyasi na kuzipima walikuta jibu kwenye madini. Nyasi fupi za kule zina kalsiamu, fosforasi, sodiamu na magnesiamu nyingi kuliko nyasi ndefu za kaskazini. Jike anayenyonyesha anahitaji hivyo vitu kuliko mnyama mwingine yeyote kundini: kalsiamu na fosforasi kwa maziwa na mifupa ya ndama, sodiamu kwa mwili wake mwenyewe. Nyasi za kaskazini zinajaza tumbo. Za majivu zinajaza chuchu.

Na kuna faida ya pili: hakuna pa kujificha. Fisi akija unamwona mbali. Ndama wa nyumbu anasimama dakika chache baada ya kudondoka, nimehesabu kwa saa yangu mmoja akasimama dakika ya saba, akaanguka, akasimama tena, dakika ya kumi na mbili yuko ubavuni kwa mama wanakwenda. Kwenye nyasi za kiunoni mama asingemwona hata aliyekuja kumla.

Kwa hiyo Olpurkel anaposema ng'ombe wanarudi kwenye nyasi zilizonyeshewa baada ya majivu, anasema kitu kilekile nyumbu wanachosema kwa miguu yao.

---

Jongoo Barabarani

"Za majivu zinajaza chuchu." Mkuu hii naiba.

---

Fundi Saa

Tulia kwanza, kuna kitu hakijakaa sawa. Kama majivu ni mazuri hivyo, mbona inasemekana zamani nyumbu walikuwa wachache sana? Majivu si yalikuwepo?

---

Msomi wa Jioni

Naomba nimsaidie mleta uzi. Sotoka. Ugonjwa uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ukafagia ng'ombe na nyumbu pamoja, na ukaendelea kuwarudisha chini kila walipotaka kuongezeka. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukakatika hata kwa wanyamapori. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu; mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni 1.3. Shamba zuri halisaidii kama mkulima yuko kitandani.

---

Dada wa Korido

Mimi nauliza la Ziwa Natron. Zile picha za ndege waliogeuka mawe wamekaa kwenye matawi. Ni kweli ziwa linagandisha kiumbe papo hapo? Mwanangu aliniuliza nikakosa jibu.

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Dada, mwambie mtoto alale kwa amani. Ndege hawagandi wakiwa hai. Waliokufa kwa sababu zao wanaangukia kwenye maji, magadi yanawakausha na kuwafunika chumvi badala ya kuoza, kama yalivyokuwa yanatumiwa kuhifadhi maiti kule Misri ya kale. Mpiga picha aliwaokota ufukweni akawapanga matawini kama wamekaa wenyewe. Picha nzuri, lakini ni maiti zilizokalishwa.

Ukweli ni mkubwa kuliko hiyo hadithi. Maji yale yanaweza kufika nyuzi 60 penye kina kifupi na yana ukali wa kuchubua ngozi. Na ni hapohapo heroe wadogo, wengi tunawaita flamingo, wanapozalia. Katika Afrika Mashariki yote Natron ndiyo sehemu pekee wanayoitegemea mwaka hadi mwaka, na heroe wadogo wengi waliopo duniani wamezaliwa humo. Wanajenga vilima vidogo vya tope katikati ya ziwa, juu wanaacha kishimo cha yai moja. Fisi na mbweha hawawezi kupita lile tope, linawachoma. Ukali wa maji ndiyo ukuta wa nyumba yao.

Magadi yenyewe yanatoka wapi? Kwenye mawe na majivu ya volkano za pembeni, yanaoshwa na mvua na chemchemi za moto, yanashuka ziwani, na ziwa halina njia ya kutoka. Maji yanapaa na jua, magadi yanabaki. Kisha kwenye magadi hayo inaota mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa jicho, heroe anaichuja kwa mdomo wake uliopinda, na wekundu wa mimea hiyo ndio unaompaka rangi. Ukiona heroe wa waridi, unaona Lengai umevaa manyoya.

Siyo kwamba mambo ni salama siku zote. Mwaka 1962 heroe walihamia kuzalia Ziwa Magadi upande wa Kenya, chumvi ikaganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, wakawa hawawezi kutembea. Watu waliingia kwenye tope wakawa wanazivunja kwa mkono, kifaranga mmoja mmoja. Neema ikizidi kipimo inakuwa pingu.

---

Olpurkel

Na floraidi usiisahau mkuu. Maji ya milima hii yanaharibu meno. Angalia watu wa kando ya Meru na huku kwetu, meno ya rangi ya chai. Mtoto hajavuta sigara hata siku moja lakini meno kama ya mzee.

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Kweli kabisa, na asante kwa kuirudisha mizani. Floraidi ya volkano ikizidi ni sumu kwa mifupa na meno, ya watu na ya mifugo. Iceland mwaka 1783 mpasuko wa volkano iitwayo Laki ulimwaga floraidi kwenye malisho, zaidi ya nusu ya mifugo ya nchi ikafa, na njaa iliyofuata ikaondoka na karibu robo ya watu. Kwa hiyo naposema majivu yanalisha, sisemi ukayale kesho yake. Muda ndio unaopika. Yanayoanguka leo yanaziba nyasi, yanasaga meno ya anayekula, yanachafua maji. Yakinyeshewa, yakachujwa, yakachanganyika na udongo, yanakuwa kitu kingine.

Niongeze la mwisho, kwa sababu nimelitaja kwa mtu akasema namdanganya. Karibu na Oldupai, ndani ya eneo la Ngorongoro, kuna kichuguu cha mchanga mweusi kinachotembea. Kina umbo la mwezi mwandamo, urefu wake unakaribia mita 100, kimo kama mita 9, na kila mwaka kinasogea magharibi zaidi ya mita 10. Kuna vigingi vyenye miaka vimesimikwa nyuma yake kuonyesha kilipokuwa. Ni majivu ya Lengai.

Mimi hubeba sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Mgeni akibisha, naipitisha juu ya mchanga bila kuugusa, punje zinaruka zinashikamana na sumaku kama ndevu. Ni punje zenye chuma, na hazitawanyiki na upepo kama vumbi la kawaida. Zinakwenda kundi zima kama kondoo. Unasimama pembeni unasikia zinavyoteleza, sauti ndogo sana, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili.

---

Msomi wa Jioni

Ungeongeza na nyayo. Kule Laetoli, kusini mwa Oldupai, majivu yalinyeshewa na mvua ndogo, wanyama wakapita, tembo, swala, kanga, sungura, kisha jua likakausha na majivu mengine yakafunika. Hata alama za matone zimebaki. Timu ya Mary Leakey ilianza kuziona za wanyama 1976, na 1978 ikafunua msafara wa viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Hiyo ni kabla Lengai haujazaliwa. Na pale Engare Sero kwako kuna nyayo zaidi ya 400 za watu kama sisi kwenye tope la majivu ya Lengai wenyewe, umri wake kati ya miaka 5,760 na 19,100.

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Zile za Engare Sero nimezipita nikiwa mpagazi mara sijui ngapi, nikidhani ni za wachungaji wa juzi. Kuna moja kidole gumba kimezama kuliko vingine, kama mtu aliyekuwa anaharakisha. Nilishawahi kuweka mguu wangu pembeni kulinganisha. Wangu ulikuwa mrefu kidogo.

---

Jongoo Barabarani

Je, utalipuka tena? Na lini?

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Utalipuka, historia yake inasema hivyo. Lini, hakuna anayeweza kukupa tarehe. Zaha ilisharudi ndani ya shimo, vichuguu vyeusi vimeanza kujengeka upya chini kule, na wataalamu wanaupima ardhini na kwa setilaiti kuona kama unavimba. Wazee wa kule wanaupima kwa mbuzi.

---

Fundi Saa

Nina safari ya Ngorongoro mwezi wa pili na familia. Nibebe sumaku?

---

Kamba Mguuni (mleta uzi)

Beba. Ila usipande juu ya kile kichuguu na usiondoke na mchanga hata wa kiganja, askari wa hifadhi wako macho. Ukimaliza, futa sumaku kwa karatasi pale pale uzirudishe punje. Kisha endelea mpaka Ndutu, mwambie dereva azime gari.

---

Olpurkel

Ukipita Engare Sero, nyumba ya tatu baada ya mto, uliza chai.